Sanduku la funguo tatu na simu ya namba moja ya siri: mchango wako unapitia wapi?

Masika ikikaza Tanga, maji hayajapungua barabarani, ujumbe umeshaingia kwenye simu. Picha ya nyumba iliyozama hadi madirishani, maneno mawili matatu ya kutia huruma, kisha namba. "Tuma chochote ulichojaaliwa." Mara ya mwisho ulinikuta barazani Ngamiani tunakunywa kahawa, na kijana mmoja akatupitishia simu tuusome. Mzee aliyeketi kando yangu akaisogeza karibu na macho.

"Mwanangu, namba hii ya nani?"

"Ya hao wanaochangisha, babu."

"Nimekuuliza ni ya nani."

Kijana akanyamaza. Alikuwa ameshatuma shilingi elfu tano asubuhi ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisikia swali la mzee likirudi kwa sura nyingine. Mmoja anasema NGO zina mamilioni lakini ukiomba mabati matano wanakwambia haiwezekani. Mwingine ameambiwa kuna tovuti ukiweka picha tu wazungu wanatuma dola. Wa tatu ana hasira na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kwamba walitisha watu na kimbunga kisichokuja. Watu hawa hawabishani juu ya simu wala kompyuta. Wanauliza hela na habari zinapita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia anayezihitaji. Hilo linaelezeka, na nitaanza na maneno yenyewe.

Shirika lisilo la faida si shirika lisiloingiza hela, wala si mahali ambapo watu wanafanya kazi bure. Mwenye duka akifunga hesabu mwisho wa mwaka, kilichobaki ni chake, anaweza kukinunulia pikipiki. Shirika lisilo la faida likifunga hesabu, kilichobaki hakina mwenyewe wa kukigawa, kinarudi kwenye kazi iliyoandikwa katika katiba yake. Mhasibu analipwa. Dereva wa lori la mahindi analipwa. Kosa ni viongozi kugawana masalio.

Na si kila anayechangisha ni NGO. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana sheria yake ya mwaka 2002 na Msajili wake. Vyama vya kijamii husajiliwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini ziko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na wenzake, viliingizwa kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na husajiliwa kupitia halmashauri. Halafu kuna sisi wengine, kamati ya msiba, kamati ya harusi, watoto wa mtaa mmoja waliotawanyika mijini, tusio na cheti chochote. Nasi tunachangisha hela nyingi na mara nyingi tunamfikia mtu mapema kuliko wote. Kwa hiyo kukosa cheti si dalili ya utapeli. Ila mwenye cheti ana mahali pa kushtakiwa, na asiye nacho unambana kwa kumjua tu.

Neno la mwisho ni ustahimilivu, linalotumika sana siku hizi katika mikutano ya miradi. Maana yake ni uwezo wa mtaa kupigwa na janga ukainuka tena bila kungoja aje mtu wa nje auinue. Mkoko unapitiwa na bamvua mpaka majani, maji yakitoka umesimama palepale. Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani hakikuwa na bahati hiyo: kilikuwa na mivinje, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji makubwa. Mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa pwani ya Ushongo ili yasioze.

Sanduku na simu

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kikundi cha hisa, wale wa kuweka na kukopa, analijua sanduku. Ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu wanaoishi nyumba tofauti. Anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya wote, hela zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kulifunga wanachama wanatajiwa salio walikariri, ili kikao kijacho waulizwe, "Tuliacha ngapi?" Mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Unamkinga mweka hazina dhidi ya mwizi, na unamkinga zaidi dhidi ya majirani zake wenyewe. Hakuna anayeweza kumshuku mtu asiye na ufunguo.

Kisha ikaja simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Ikawa mtu aliyeko Mwanza anaweza kuchangia msiba wa Pongwe kabla maiti haijaoshwa. Kuanzia mwaka 2014 mitandao ilianza kuunganishwa, hela ikatoka laini ya kampuni moja ikaingia moja kwa moja kwenye laini ya nyingine. Na yote haya yanafanyika kwa kitochi: unapiga nyota, namba, reli, bila bando wala intaneti. Ndiyo maana naichukulia menyu ile ya nyota na reli kuwa teknolojia iliyotufaa kuliko tovuti zote za kuvutia. Inamfikia bibi wa Mkinga anayeuza kaukau sawa na inavyomfikia mkurugenzi wa benki.

Lakini tulipohamisha mchango kutoka kwenye sanduku kwenda kwenye simu, tulisahau kuhamisha funguo. Sanduku lilikuwa na tatu. Simu ina namba moja ya siri, na iko kichwani mwa mtu mmoja.

Yametupata nyumbani. Tulichangishana kwa ajili ya matibabu ya shangazi, hela zikaingia kwenye laini ya binamu yetu mwaminifu sana. Simu ikapotea safarini. Mpaka akapata namna ya kwenda kurudisha laini kwa kitambulisho na alama za vidole, siku zilipita, na hela zilikuwa zimekaa tu mle ndani, salama, bila mtu wa kuzigusa. Hakuna aliyeiba hata senti. Lakini maneno yaliyosemwa katika siku zile yalidumu kuliko ugonjwa wenyewe, na binamu yetu tangu hapo hakubali kupokea mchango wa mtu. Tulimpoteza mtu mzuri kwa sababu tulimpa mzigo wa funguo tatu aubebe peke yake.

Sasa swali la mzee. Unapotuma hela, kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuletea jina la mwenye namba. Wengi tunalipita kwa haraka, na ndilo jibu lote. Likitokea jina la mtu binafsi, unampa mtu yule, na imani yako iko kwake yeye. Likitokea jina la shirika au kikundi, kupitia Lipa Namba au akaunti ya benki, hela inaingia kwenye kitabu chenye wasimamizi. Kati ya hizo mbili kuna pochi za vikundi, mfano M-Koba iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na benki ya TPB, ambayo sasa ni TCB. Humo kila mwanachama hupata ujumbe hela ikiingia au ikitoka, na kutoa kunahitaji viongozi kuidhinisha kila mmoja kwa simu yake. Hilo ni sanduku la funguo tatu ndani ya simu. Kikundi kinachochangisha kila mwaka na bado kinatumia laini ya mwenyekiti, kwa kweli sioni udhuru wake.

Laini nazo si ngao. Usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 ulikusudiwa kila laini iwe na mwenyewe, lakini kuna watu waliosajiliwa laini wasizozijua, na zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" bado zinaingia. Matapeli wanapenda msimu wa maafa kwa sababu watu huwa wameshalainika moyo. Ukiletewa ujumbe wa aina hiyo, namba ya mtumaji unairipoti kwenda 15040. Na ukipiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Jambo dogo kuhusu ada, kwa kuwa watu wengi hudhani kila kilichotumwa kinafika. Mtoaji akituma elfu mbili, na kamati ikawa inatoa kwa wakala kidogo kidogo, leo elfu kumi, kesho elfu saba, ada za kutolea zinautafuna mchango kimyakimya. Kamati inayojua hesabu hutoa kwa mkupuo, au hulipa duka la mabati moja kwa moja kwa Lipa Namba bila kugusa noti. Hapo pia unabaki ushahidi wa muamala ambao hakuna anayeweza kuupinga kikaoni.

Hela za mbali

Habari za tovuti za michango zina ukweli nusu. Tovuti zipo, na hela za mbali hukusanywa hata kwa ujumbe wa simu. Tetemeko la Haiti lilipotokea Januari 2010, Wamarekani walituma neno moja kwa ujumbe wa simu, kila ujumbe ukakata dola 10, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukakusanya zaidi ya dola milioni 32 kwa njia hiyo. Jirani zetu Kenya, katika ukame wa mwaka 2011, walijiwekea lengo la shilingi zao milioni 500 kwa kampeni ya Wakenya kwa Wakenya. Wakalivuka, na watu wengi wa kawaida walichangia kwa M-Pesa. Ukisikia kwamba hela za msaada lazima zitoke kwa wazungu, ukumbuke mwaka ule.

Nusu isiyosemwa ni kwamba tovuti haina watu wake. Ni kama meza ya sokoni: umepewa mahali pa kutandaza bidhaa, wateja unawaleta mwenyewe. Tena tovuti kubwa kama GoFundMe inataka mwenye kampeni awe na akaunti ya benki katika nchi chache ilizoziorodhesha, nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwa hiyo kikundi cha Sahare kinachotaka kuitumia hulazimika kumtegemea ndugu aliyeko London apokee kwa akaunti yake, naye atume. Tumerudi kule kule kwenye ufunguo mmoja, safari hii ukiwa ng'ambo ya bahari.

Mfano ninaoupenda uko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine. Shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, kwa kazi yake. Mtu yeyote duniani anaweza kupitia mtandao "kumlea" panya mmoja, akawa anakatwa kiasi kidogo kila mwezi kama tunavyolipia king'amuzi, na kupata habari za maendeleo yake. Panya hula ndizi na karanga, chakula chake si cha gharama kubwa. Nguvu ya mpango ule iko katika neno "kila mwezi". Mchango wa maafa ni mvua kubwa ya siku moja, inajaza kila ndoo kisha inakatika. Mchango wa kila mwezi ni kisima. Shirika lenye kisima linaweza kumwajiri mtu mwezi huu likijua mwezi wa saba litamlipa.

Hapa ndipo penye lile la mabati matano. Hela nyingi za mashirika huja na masharti. Mfadhili ametoa kwa ajili ya vyoo vya shule, au chanjo, au mafunzo ya wavuvi, na mkataba umesainiwa. Ni sawa na kaka yako kukutumia ada ya mtoto: ipo mkononi, inaonekana, na jirani anakuja kuomba ya unga. Ukimpa umeivunja amana. Shirika linaweza kuwa na milioni mia benki na lisiwe na elfu hamsini ya kumsaidia mtu aliyegonga mlango. Ni haki yetu kuliuliza shirika lina hela za nini na kwa ajili ya nani. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zililitambua hilo, zikayataka mashirika kutangaza hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Lakini kudai hela ya vyoo inunue mabati ni kumwomba mhasibu aharibu kazi yake na yetu.

Kuna njia nyingine ya kupata hela isiyohitaji picha ya kusikitisha hata moja. Ng'ambo ya mpaka kutoka Jasini, watu wa Vanga wanalinda mikoko na kuuza kile kinachoitwa hewa ya kaboni, kwa kufuata mfano wa wenzao wa Gazi, walioanza na mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013. Mikoko inavuta hewa chafu na kuifungia kwenye matope. Watu hupima miti kwa futi, wanahesabu ni tani ngapi zimehifadhiwa, wakaguzi wa nje wanathibitisha, na kampuni au watu wa mbali wananunua uthibitisho huo. Hela inakwenda kwenye maji na shule za kijiji, na mikoko inabaki imesimama kuzuia mawimbi. Kwa mji uliozungukwa na mikoko kama wetu, ningependa tungekuwa tunaujadili mpango huo barazani, pamoja na ugumu wake, kwani bei hupangwa mbali na anayekata kuni leo lazima apewe jibu leo.

Kabla maji hayajaja

Tunazungumzia sana kuchangisha baada ya janga. Kazi inayookoa watu hufanyika kabla, nayo haichangishiwi kwa urahisi kwa sababu haina picha.

Chukua tahadhari za TMA. Zina ngazi tatu: angalizo, rangi ya njano, tahadhari, rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa kuelekea pwani yetu, kikadhoofika kabla ya kufika. Watu wakasema wametishwa bure. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikaipiga Mafia na Kilwa na mvua zake zikakata barabara ya kwenda Lindi. Anayetabiri hali ya hewa hatoi ahadi. Ni kama nahodha anayeangalia mawingu ya kusi akasema leo ngalawa zisitoke: zikibaki ufukweni na bahari ikatulia, hakuna aliyepoteza zaidi ya samaki wa siku moja.

Ila taarifa iliyotolewa na TMA haimfikii mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, kwa kuwa imetolewa tu. Inaishia kwenye grupu la WhatsApp, naye ana kitochi. Vikundi vinavyofanya kazi nzuri hapa ni vile vilivyokubaliana mapema nani anampigia nani: kiongozi wa kikundi cha wavuvi anapokea, anawapigia manahodha, mmoja anakwenda kwa imamu ili kipaza sauti cha msikiti kitangaze. Gharama yake ni vocha. Simu inabeba taarifa hadi pale inapoweza, na miguu inamalizia.

Ramani nayo imeeleweka vibaya, wengi wanadhani ni ya watalii. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi katika mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro, wakaweka kazi yao kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bure. Mtaro ukishakuwa kwenye ramani, unaweza kuuliza maji yake yanaishia uani kwa nani. Oktoba 2019, mvua zilipokata barabara ya Korogwe kwenda Handeni, tuliona maana ya kujua njia mbadala kabla ya kuihitaji. Tuliona pia kwamba hela ya simu ina mpaka. Pale maduka yako wazi, kumtumia aliyeathirika shilingi ni bora kuliko gunia, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama amekosa unga au dawa. Pale daraja limekwenda na duka halina kitu, salio halichemki chunguni.

Kisha orodha. Nani ni mjane anayeishi peke yake, nani haoni, nani ni mjamzito wa miezi minane, nani hawezi kutembea. Bila orodha hiyo, msaada ukifika unakwenda kwa wenye sauti. Lakini orodha hiyo ni siri za watu. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotumika nchini, na kuiweka orodha kwenye grupu la watu mia mbili, au kusambaza picha ya mtoto analia ndani ya maji ili mchango upande, ni kumvua nguo mtu aliyeshapoteza nyumba. Nimeona picha ya namna hiyo ikizunguka miaka mitatu baada ya mafuriko yenyewe. Yule mtoto sasa yuko shuleni na wenzake wanamwonyesha.

Mtaa mmoja ninaoujua wameifanya kwa daftari la kawaida. Wameliandika mara mbili: moja liko kwa mjumbe, moja kwa mama anayeweka vitabu vya kikundi cha hisa. Kila kabla ya masika na kabla ya vuli wanakaa jioni moja, wanayalinganisha, wanafuta waliohama na waliofariki, wanaongeza waliojifungua. Namba ya kupokea michango imeandikwa kwenye jalada la ndani pamoja na jina linalotakiwa kutokea kwenye simu, herufi kwa herufi. Mstari wa chini yake wameandika walichokubaliana kuhusu hela itakayobaki, nusu iingie mfuko wa msimu ujao na nusu ikazibue mtaro, na wamesaini watu watatu.